Mkono unauma, homa imepanda baada ya chanjo ya mafua: ni maudhi au ni madhara?

Swali la msomaji: "Shikamoo daktari. Jana mchana nilichomwa chanjo ya mafua kwa mara ya kwanza maishani, nina miaka 34. Mwanzoni sikusikia kitu ila jioni mkono ukaanza kuuma, usiku nikapata baridi ya kutetemeka na homa ya 37.9, kichwa na mwili mzima vinauma kama nilibeba mizigo. Leo pale pamevimba, kuna kinundu kigumu na kwapani nahisi kama mtoki. Mama mkwe anasema sindano ndo imenipa mafua, eti mtoto wetu wa miaka 3 asichomwe wala mume wangu mwenye kisukari. Hii ni kawaida kweli? Nimeze nini? Na mwakani nikirudia itakuwa hivihivi?"

Marahaba dada yangu, na pole sana kwa usiku huo, najua ile baridi ya kutetemeka inavyochosha mtu.

Nikujibu kwanza ndo nieleze. Ndio, kwa ulivyoandika hapo ni kawaida, kila kitu ulichotaja mpaka huo mtoki wa kwapani nimekiona kwa watu wengi sana na huwa kinapita chenyewe, homa na maumivu ya mwili mara nyingi yanaisha ndani ya siku moja au mbili, mkono nao siku mbili tatu hivi. Sindano haijakupa mafua, haiwezi, nitakueleza kwanini haiwezi. Ila sitaki uniamini tu kwasababu mimi ni daktari, nataka ujue jinsi ya kujiangalia mwenyewe manake mimi siko hapo ulipo. Kuna vitu viwili tu vya kuangalia kwenye jambo hili lote: ilianza saa ngapi baada ya sindano, na inaelekea wapi, inapungua au inaongezeka. Mtu akiniambia hayo mawili tu, mara nyingi najua la kumwambia kabla hata sijamuona.

Kwenye chanjo tuna neno zuri, tunasema maudhi madogo madogo. Maudhi sio madhara. Maudhi ni kitu kinachokusumbua, kinakunyima usingizi, kinakukera, alafu kinaondoka hakijaharibu kitu. Madhara ni kitu kinachoumiza mwili kweli na kinahitaji matibabu. Watu wengi wanachanganya haya mawili, wakisikia mkono unauma wanasema chanjo ina madhara, na mwingine kwa upande wa pili anaambiwa "ni maudhi tu" wakati anaumwa kweli na alitakiwa kuonwa. Makosa yote mawili yapo na yote yanaumiza watu, ndo maana nasisitiza hiyo saa na huo mwelekeo.

Sasa ndani ya lile bomba kulikuwa na nini. Chanjo ya sindano ya mafua ni nusu mililita tu, kama matone kumi. Kirusi kinakuzwa, mara nyingi kwenye mayai ya kuku, alafu kinauliwa kwa kemikali, na chanjo nyingi baada ya hapo kinavunjwavunjwa na kusafishwa zikabaki sehemu zake za juu, hasa protini inayoitwa hemaglutinini, kwenye chanjo ya kawaida ni maikrogramu 15 kwa kila aina ya kirusi. Kuna chanjo nyingine hazitumii hata yai, wanatengeneza ile protini peke yake maabara. Kwa vyovyote hamna kirusi hai humo, hamna cha kuzaana, hamna cha kuambukiza mtu. Ni kama gamba la nyoka aliyejivua, gamba haling'ati mtu na halina sumu, lakini ukilikuta chini ya kitanda chako mwili wote unasisimka na unaanza kumtafuta nyoka chumba kizima. Huko kusisimka ndo homa yako ya jana.

Kinachotokea kwenye msuli ni hiki. Kuna seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kukaa kwenye nyama na chini ya ngozi zikilinda, zikikutana na zile protini zinazimeza na hapohapo zinapiga kelele kwa kutoa kemikali za kuita wenzao, zinaitwa saitokini. Mishipa midogo ya damu ya eneo hilo inatanuka, inaruhusu maji na seli zingine zipenye, hapo ndo panavimba, panakuwa na joto na wekundu. Kemikali nyingine, prostaglandini, zinafanya ncha za neva za pale ziwe nyepesi kushtuka, yani kitu ambacho jana kilikuwa ni kuguswa tu leo kinakuwa maumivu, nguo tu ikikugusa unaruka. Alafu usisahau na sindano yenyewe nayo imepita kwenye msuli, kwa mtu mzima inaingia kama sentimita mbili na nusu, ukijumlisha na dawa iliyomiminwa pale kwenye msuli, lazima msuli ulalamike kidogo.

Zile kemikali zikiwa nyingi zinasafiri na damu mpaka kwenye ubongo, kuna sehemu kule inapanga joto la mwili liwe ngapi, inapandisha kiwango. Mwili ukiwa bado kwenye 36 na kitu na ubongo umeshasema tunataka 38, unajisikia baridi kali hata kama umejifunika mablanketi mawili, misuli inatetemeka ili itengeneze joto. Ndo ile baridi yako. Na uchovu na viungo kuuma ni humohumo, mwili unakwambia kaa chini kuna kazi inafanyika.

Na mtoki wa kwapani, huu watu wengi unawatisha kuliko vyote kwasababu mtoki tumezoea kuuhusisha na kidonda au jipu. Seli zilizomeza zile protini zinabeba vipande zinavipeleka kwenye tezi zilizo karibu, na kwa mkono tezi za karibu ziko kwapani. Pale ndo zinakutana na seli za kutengeneza kingamwili, yani silaha za mwili za kupigana na ugonjwa, zinaonyeshwa adui anafananaje, zile zinazomtambua zinaanza kuzaliana kwa wingi na tezi inavimba. Kwahiyo huo mtoki upo upande uleule wa mkono uliochomwa, sio? Kama ni upande huohuo na ulikuja baada ya sindano basi kazi inaendelea, unaweza kukaa wiki au zaidi kidogo kabla haujanywea. Kama kuna siku hizi una miadi ya kupigwa picha ya matiti waambie kabisa kwamba umechanjwa na mkono upi, wasije wakaona tezi imevimba wakakutia hofu bure.

Sasa hoja ya mama mkwe. Usimcheke wala usigombane naye, anasema alichokiona kwa macho yake, watu wanachomwa alafu wanaumwa. Tatizo moja liko kwenye neno lenyewe, sisi tunaita kila kitu mafua. Pua ikitiririka siku mbili ni mafua, na ugonjwa unaomlaza mtu wiki nzima na homa ya 39 na kikohozi kikavu na mwili kama umepigwa nao ni mafua. Ni vitu viwili tofauti. Mafua ya kawaida yanaletwa na virusi vingi sana, kundi moja tu la rinovirusi lina aina zaidi ya 100, na chanjo hii haigusi hata kimoja. Chanjo ni ya influenza peke yake. Alafu chanjo hutolewa kipindi ambacho virusi vyote hivyo vimeanza kuzunguka, kwahiyo mtu anachomwa Jumatatu, Alhamisi anaambukizwa rinovirusi kwenye basi au na mtoto aliyetoka shule, Jumamosi pua inatiririka, anasema sindano hiyo. Na mimi namuelewa kabisa, jambo lililotangulia huwa tunalibebesha lililofuata.

Turudi kwenye saa. Influenza yenyewe tangu ikuingie mpaka uanze kuumwa inachukua siku 1 mpaka 4, mara nyingi kama 2. Wewe ulichomwa mchana, jioni mkono ukaanza kuuma, usiku homa. Hizo ni saa chache mno, hata mtu angekupulizia kirusi kizima puani mchana ule usingeumwa usiku uleule. Wakati maudhi ya chanjo kawaida yake ni hiyohiyo, yanaanza ndani ya masaa 6 mpaka 12 hivi. Na angalia kisichokuwepo kwenye maelezo yako: hujataja kikohozi, hujataja koo, hujataja pua. Chanjo ya sindano haileti kikohozi wala haizibi pua. Ukianza kukohoa na koo kuwasha basi hicho ni kitu kingine umekipata, sio sindano. (Kuna chanjo ya kupuliza puani, ile kweli ina kirusi hai kilichodhoofishwa, kimefanywa kiishi kwenye ubaridi wa puani tu na kishindwe na joto la mapafu, hiyo inaweza kukupa pua kutiririka na koo kidogo. Lakini wewe umechomwa sindano kwahiyo hiyo haikuhusu.)

Kuna jambo jingine nalipenda sana kuwaeleza watu. Mwaka 1996 Marekani yalichapishwa matokeo ya utafiti mmoja, watu 849 wazima wenye afya na kazi zao, nusu wakachomwa chanjo ya mafua na nusu wakachomwa maji ya chumvi tu, hakuna aliyejua amepata nini, wala aliyechoma hakujua. Mkono kuuma: waliopata chanjo kama 64 kati ya 100, waliopata maji ya chumvi kama 24 kati ya 100. Hapo chanjo ilionekana wazi, mkono unauma kwasababu ya chanjo na hakuna wa kubisha. Lakini homa? Kama 6 kati ya 100 pande zote mbili. Uchovu? Kama 19 kati ya 100 pande zote mbili. Yani katika kila mia, watu kumi na tisa walichoka hata walipochomwa maji. Hii haimaanishi homa yako ni ya kufikirika, themomita haidanganyi, na mtu anayechomwa kwa mara ya kwanza anaweza kupata homa ya chanjo kweli. Inamaanisha tu kwamba kila wiki ya maisha yetu kuna watu wanaochoka, wanaoumwa kichwa, wanaopata homa kidogo, na wiki ya sindano nayo ni wiki kama zingine.

Ufanye nini leo. Huo mkono usiuweke kama umevunjika. Najua unatamani kuubana ubavuni usiguswe ila ukikaa hivyo ndo unakakamaa zaidi, uchezeshe taratibu, inua, zungusha bega, fanya kazi zako ndogondogo, kila baada ya saa moja mbili. Kitambaa kilicholowekwa maji baridi weka juu yake dakika 10 mpaka 15, rudia mara kadhaa leo. Kama una barafu usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi, ifunge kwenye kitambaa. Usipasugue na usipakande kwa nguvu, usipake dawa za kuchua zinazowaka, na tafadhali mtu asikuambie ukatoboe hicho kinundu. Kinundu ni uvimbe wa ndani ya msuli, kinaweza kubaki kigumu siku kadhaa hata wiki mbili tatu kwa wengine kikiwa hakiumi, kinayeyuka chenyewe. Lala upande mwingine, kunywa maji ya kutosha, pumzika ukipata nafasi.

Dawa: parasetamoli inatosha. Kwa mtu mzima mwenye ini zima ni vidonge 2 vya miligramu 500, unaweza kurudia baada ya saa 6 kama bado unahitaji, usizidi vidonge 8 ndani ya saa 24. Na hapa naomba uangalie sana, dawa nyingi za mafua na za kichwa zinazouzwa zimechanganywa na parasetamoli ndani yake, mtu anameza hizo na juu yake anameza vidonge vyake viwili, anazidisha bila kujua na anayeumia ni ini. Soma boksi. Ibuprofeni nayo inafanya kazi ila kama una vidonda vya tumbo, figo zina shida, au una mimba usiiguse mpaka umeongea na daktari. Antibayotiki hapana, hapa hamna bakteria wa kuua, nawaona watu wanaanza dozi ya vidonge vya siku tano kwasababu ya mkono uliovimba siku moja na inanisikitisha, unawazoesha bakteria dawa ambayo siku ukiihitaji kweli itakukataa.

Jambo moja ambalo watu huniuliza, nimeze parasetamoli kabla sijachomwa ili nisiumwe? Hapana, subiri. Mwaka 2009 ulitoka utafiti wa watoto wachanga waliopewa parasetamoli kama kinga wakati wa chanjo zao za utotoni, homa zilipungua ila na kingamwili dhidi ya baadhi ya chanjo nazo zikawa chini zaidi. Haikuwa chanjo ya mafua na hawakuwa watu wazima, lakini hamna sababu ya kumeza dawa ya maumivu ambayo hayajaja. Yakija na yakakusumbua, meza, hamna ubaya wowote.

Sasa yale ambayo sio maudhi, na hapa naomba usome polepole.

La kwanza ni la dakika za mwanzo na wewe umeshalivuka, mzio mkali. Midomo au uso kuvimba, mwili kuota vipele vya kuwasha ghafla, kifua kubana na kutoa mlio kama filimbi, kizunguzungu kikali, kutapika. Unakuja ndani ya dakika au saa chache, na ni nadra sana, kwa chanjo kwa ujumla ni kama mtu 1 au zaidi kidogo kwenye kila dozi milioni. Unatibika kwa adrenalini, ndo maana nesi anakwambia ukae pale dakika 15 kabla hujaondoka, sio anakupotezea muda. Kuzimia ni kitu kingine kabisa, wapo wanaozimia kwa hofu ya sindano tu, presha inashuka, wanalazwa miguu juu dakika chache wanaamka. Kama mumeo ni wa aina hiyo mwambie aseme mapema achomwe akiwa amelala.

La pili ni usaha. Uvimbe wa chanjo unakuwa mkubwa siku ya kwanza na ya pili alafu unashuka. Ukiona kinyume chake, yani siku ya tatu au ya nne ndo wekundu unazidi kutanuka, panawaka moto, panauma zaidi ya jana, homa inarudi au inapanda juu ya 38.5, hapo bakteria wameingia na unahitaji kuonwa siku hiyohiyo. Chukua kalamu uzungushie mstari ukingoni mwa wekundu leo, kesho uangalie umevuka mstari au umerudi ndani. Ni kitu kidogo lakini kinamaliza ubishi wote.

La tatu ni bega, na hili nalisemea kwa uchungu kwasababu linasahaulika na wanaochoma wenyewe. Sindano inatakiwa kuingia kwenye msuli mnene wa bega, kama vidole viwili au vitatu chini ya ule mfupa wa juu wa bega. Mtu akichoma juu mno, dawa inaweza kuingia kwenye kifuko cha majimaji kinacholainisha kiungo au kwenye kano zake, na pale panawaka kweli. Maumivu yake yanaanza ndani ya saa 48, hayashuki, na mkono unashindwa kwenda juu au kurudi nyuma, wiki zinapita mtu hawezi kuvaa nguo mwenyewe. Nimewahi kumpokea mama mmoja aliyeambiwa "ni chanjo tu itaisha" kwa miezi mitatu. Miezi mitatu! Angeanza mazoezi ya bega na matibabu mapema asingeteseka hivyo. Sio kosa la dawa, ni la mahali ilipowekwa, kwahiyo siku ukichomwa vua mkono wote wa nguo bega lionekane, usikunje tu shati mpaka juu likakaba, na ukae mwenyewe na anayechoma akae, mkikaa wote wawili usawa ni mmoja.

La nne ni nadra mno ila nitalisema kwasababu mtu atakuletea siku moja kutoka intaneti. Ugonjwa wa Guillain-Barré, neva zinashambuliwa na kinga ya mwili wenyewe, miguu inakufa ganzi na kukosa nguvu na udhaifu unapanda juu, kwa kawaida siku kadhaa mpaka wiki kadhaa baadae. Mwaka 1976 Marekani chanjo ya mafua ya nguruwe ya wakati ule ilionekana kuongeza kama mgonjwa 1 kwa kila watu 100,000 waliochanjwa, na zoezi lile lilisimamishwa. Chanjo za miaka iliyofuata, pale ambapo ongezeko limeonekana, ni kama 1 au 2 kwa kila dozi milioni, na influenza yenyewe inaleta ugonjwa huohuo mara nyingi zaidi ya chanjo. Lakini miguu ikiishiwa nguvu, iwe umechanjwa au hujachanjwa, ni hospitali hapohapo.

Mtoto wako sasa. Miaka 3 anaruhusiwa, chanjo za sindano zinaanza miezi 6. Akiwa hajawahi kabisa kuchanjwa mafua atahitaji dozi mbili zilizoachana angalau wiki 4, kinga yake haijawahi kukutana na huyu adui. Watoto wanapata homa mara nyingi kuliko sisi, analia, anakataa kula siku moja. Kama aliwahi kupata degedege na homa mwambie nesi kabla. Mwaka 2010 Australia iligundulika chanjo moja, ya kiwanda kimoja, inawapa watoto wadogo homa kali na degedege kuliko zingine, wakasimamisha kuitumia kwa walio chini ya miaka 5, na mimi jambo hilo linanipa imani badala ya kuniondolea, manake inaonyesha kuna watu wanahesabu na wakiona kitu hawanyamazi. Ukimpa dawa ya homa mpime uzito kwanza, parasetamoli ya mtoto inaenda kwa kilo, na aspirini usimpe mtoto kamwe, kuna ugonjwa mbaya wa ini na ubongo unahusishwa nayo watoto wakiwa na virusi kama hivi.

Mumeo mwenye kisukari, huyo mimi ningemtanguliza kabla yako. Influenza ikimkuta mtu mwenye kisukari inapandisha sukari, inamletea nimonia kirahisi, inamlaza. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 290,000 mpaka 650,000 wanakufa kila mwaka kwa matatizo ya kupumua yanayotokana na influenza, na wenye magonjwa kama la mumeo, wazee, wajawazito na watoto wadogo ndo wanaoumia zaidi. Aendelee na dawa zake kama kawaida, ale vizuri, na apime sukari mara nyingi zaidi kidogo siku mbili za mwanzo maana mwili ukiwa na homa sukari inaweza kuyumba.

Ila nisikudanganye, chanjo hii sio ukuta. Mwaka ambao aina zilizochaguliwa zimefanana na zinazozunguka inapunguza nafasi ya kuumwa mpaka ukahitaji daktari kwa asilimia 40 hadi 60, mwaka mwingine chini ya hapo. Kirusi kinabadilika, ndo maana wataalamu wanakaa mara mbili kila mwaka, Februari kwa ajili ya kaskazini ya dunia na Septemba kwa ajili ya kusini, kuchagua upya. Na kinga yako wewe haipo bado leo, inahitaji kama wiki 2 kujengeka, kwahiyo mtu akikukoholea wiki hii anaweza kukuambukiza kabisa. Akikuambukiza mama mkwe atasema si nilisema, mkumbushe hizo wiki mbili.

Mwakani? Siwezi kukuahidi kwa asilimia mia, ila mara ya kwanza ndo huwa na kishindo zaidi, wengi mwaka wa pili wanasikia mkono tu. Wanawake kwa ujumla wanaripoti maumivu zaidi ya wanaume, vijana zaidi ya wazee, kwahiyo ulikuwa kwenye kundi lenyewe. Chagua mkono usioutumia sana, ulegeze kabisa ukining'inia usikaze msuli, na kama unaweza chomwa siku ambayo kesho yake huna kazi nzito. Na ukichomwa usisikie kitu, usiende kulalamika kwamba wamekuchoma maji, kingamwili zinatengenezwa hata kwa asiyeumwa chochote.

Leo ni siku yako ya pili. Usiku wa leo homa ikirudi kidogo usishtuke, kesho jioni inatakiwa iwe imeisha. Kesho kutwa asubuhi ukiamka, kabla hujameza kidonge chochote, simama uinue mkono huo ulionyooka mpaka juu ya kichwa, alafu upeleke nyuma ya mgongo kama unafunga sidiria. Ukienda kote hata kama unauma kidogo, endelea na maisha yako. Ukigoma njiani, au mstari wa kalamu umevukwa, nenda ukaonwe siku hiyohiyo na uwaambie tarehe uliyochomwa, mkono gani, na mahali hasa sindano ilipoingia, waonyeshe kwa kidole.